Mama Mwenye Nyumba na Uso wa Nyumba Yake

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana usipousikia kwangu utausikia kwa jirani yangu, naye atauongezea chumvi.

Mchana mmoja nilirudi kutoka sokoni, hapa Iringa mjini, nikiwa na furushi la nyuzi mgongoni. Kando ya mlango wa chumba changu nikakuta alama ya X, kubwa, nyekundu, mbichi, rangi bado inachuruzika. Nchi hii hata mtoto wa chekechea anaijua alama hiyo. Ukiiona kwenye ukuta wako huulizi nani kaipaka, unauliza tingatinga linakuja lini. Na siku zile mtaani kwetu hapakuwa na habari nyingine: majumba haya ya zamani ya katikati ya mji yatashuka, zitapanda ghorofa za kupangisha.

Sikuuliza mtu. Mimi ambaye nafuma masweta ya shule kwa mashine chumbani mwangu, mimi ambaye kwenda kununua kiberiti naona safari, siku ile nilipata miguu ya kuazima. Nikashuka Ipogolo, pale malori yanapopumzika kando ya barabara kuu, nikapata Fuso linalokwenda Mbeya tupu kupakia viazi. Kabla jua halijazama mashine yangu, magunia ya nyuzi na kitanda changu cha mninga vilikuwa njiani. Kitanda hicho vijana wa mizigo walikibeba huku wakimtaja mama yangu kwa majina ambayo sikuwahi kumsikia akiitwa.

Kesho yake nilikuwa Mbeya, Mwanjelwa, mlangoni kwa dada yangu, nimekaa juu ya kitanda barabarani, watu wa sokoni wananizunguka na mikokoteni yao.

"Umefiwa?" dada akauliza.

"Nyumba inabomolewa."

"Nani kakwambia?"

"Ukuta."

Hajamaliza kunitazama, simu ikalia. Alikuwa Mama Mwenye Nyumba. "We Fundi Sweta, chumba chako cheupe! Wamekuibia mpaka kitanda?"

"Mama, si tumewekewa X?"

Nikasikia kicheko, na hakikuwa cha mtu mmoja. Alikuwa ameweka spika, barazani, mbele ya watu. "X nimeipaka mimi! Hapo plasta imeachia. Nilitaka fundi ajue pa kubandua."

"Sasa mbona nyekundu, mama?"

"Ndiyo iliyobaki nilipopaka geti. Ulitaka ninunue ya bluu kwa ajili yako?"

Kitanda kikarudi Iringa. Kilivyorudi sitasimulia, ila nilipokuwa nakiingiza, jirani yetu wa duka la vitambaa alitoka nje, akavuta kiti, akakaa kutazama kama yuko mpirani.

Huyo Mama Mwenye Nyumba ndiye ninayetaka kumchora. Jina lake lipo, ila hakuna mpangaji aliyewahi kulitumia, na nadhani angeshtuka tungelitumia. Alikuwa Mhehe, mwanakwaya wa Kilutheri, mjane, mfupi, mwenye sauti iliyotangulia mwili wake kila mahali. Yeye na marehemu mumewe waliinunua nyumba ile kwa familia ya wafanyabiashara wa Kihindi, wale wale waliojenga na nyumba ya pili iliyosimama nayo bega kwa bega. Ya pili ndiyo ya jirani wa vitambaa, mjukuu wa mjenzi, ambaye sote tulimwita Mzee wa Vitambaa. Nyumba yetu ilikuwa ya ghorofa moja: kuta nene za matofali ya udongo, roshani ya mbao iliyochongwa juu ya barabara, baraza ya nguzo chini, na nyuma ua mpana wenye maghala mabovu yaliyokuwa yamejaa popo na madebe.

Kila mvua zinapokatika alishika mwiko wa ugali akaizunguka nyumba, akigonga kuta na kutega sikio. Tuliokuwa ndani tulinyamaza, kama wagonjwa daktari anapopita wodini. Ukuta mzima, alisema, unajibu kwa mkato. Ulioachia unajibu kama tumbo lenye njaa. Akisikia njaa, anapaka X. Mara nyingi alipatia. Mara nyingine fundi alibandua plasta akakuta ukuta wenye afya tele, na Mama Mwenye Nyumba akasema bila haya, "Afadhali tumehakikisha," kana kwamba mwenye kosa ni ukuta.

Sheria yake kuu ilikuwa misumari. Mpangaji akija kutazama chumba, kabla hajaulizwa kazi wala kabila, aliambiwa: "Hapa hakupigwi msumari. Nyumba yangu si Yesu mpaka muitundike." Mimi masweta niliyomaliza niliyaanika kwenye kamba niliyofunga dirishani na kwenye mguu wa kitanda. Siku moja akaniita chumbani kwake juu nimtazamie redio. Mama yangu! Ukuta mzima misumari: kalenda za kanisa, saa, vikapu, picha ya harusi, koti la marehemu. Nikaitazama, naye akanitazama mimi ninavyoitazama.

"Hii ni ya zamani," akasema.

"Kalenda ni ya mwaka huu, mama."

"Msumari ndio wa zamani. Tengeneza redio."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Kanuni zake zilikuwa za chuma mpaka zimfikie yeye. Alituambia tusipike kwa kuni uani, moshi unaharibu roshani. Akichemsha maharage yake, moshi huo ulikuwa unafukuza mchwa. Alikataa katakata ukuta kuzibwa kwa simenti, akidai nyumba itakosa pumzi, na hapo hapo alijaza simenti kwenye ngazi ya nyuma kwa sababu magoti yake yalitaka hivyo. Mtu akiumwa, alikuwa wa kwanza kuleta uji, na wa mwisho kuacha kumsema kwamba amejitakia.

Nilichokosea kwa miaka ni kudhani anaipenda nyumba ile kwa sababu ni ya zamani. Mimi ndiye niliyeipenda hivyo. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikabaki na maneno makubwa machache ambayo sijapata pa kuyatumia, na nyumba ikanipa nafasi. Wageni wakija kununua masweta nilikuwa nawaonyesha roshani na kuwaambia, "Huu ni urithi." Siku moja akanisikia kutoka juu.

"Urithi gani?" akauliza, kichwa kikiwa nje ya dirisha. "We umeshaoga humu mwezi wa sita?"

Anayeijua baridi ya Iringa mwezi wa sita atamwelewa. Bafu letu lilikuwa moja, uani, mlango wa bati. Asubuhi tulipanga foleni na ndoo zetu, mvuke unatoka ndooni na mwingine vinywani, na mwenye nyumba mwenyewe alikuwa humo humo kwenye foleni, kajifunga kitenge juu ya koti. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza mtaani kuwa na jagi la umeme. Runinga yake ilikuwa pana kama mlango. Akienda Mbeya kwa mwanawe, ambaye huko anajenga nyumba za kupangisha, alirudi na hadithi za kile alichokiita maji ya ukutani: "Unafungua tu hivi, maji yanatoka yameshapata homa!" Alizisimulia akiwa amefumba macho.

Aliyekuwa akimrudisha ardhini ni Mama Mngoni, aliyekaanga vitumbua barazani kwetu. Wahehe na Wangoni ni watani, na hawa wawili waliuchukua utani kama ajira. Kwa Mngoni, kila Mhehe ni mla mbwa. Asubuhi ilianza hivi:

"Kamwene, Mama Mwenye Nyumba! Jana nimepoteza mbwa wangu. Naomba nikague masufuria yako."

"Kagua, dada, kagua. Ila ninyi mlitembea kwa miguu kutoka huko kusini mpaka leo hamjui mlikuwa mnakwenda wapi, mbwa utamwonea wapi?"

"Tulikuwa tunakuja kwako kula. Tukakuta umeficha chakula."

Mgeni asiyejua angeita polisi. Sisi tulikuwa tunasubiri kitumbua cha kwanza, ambacho Mama Mwenye Nyumba alikichukua bila kuomba, kwa haki ya mtani, na Mama Mngoni akakaa kwenye baraza ile mwaka hadi mwaka kwa haki hiyo hiyo.

Basi yule mwana wa Mama Mwenye Nyumba akaja kutoka Mbeya na mchoro. Sitaki umwone mbaya, maana hakuwa mbaya. Alikulia kwenye ua ule ule, aliumwa na popo wale wale. Alikusanya wapangaji wote uani akafungua mchoro wake juu ya pipa: ghorofa za fleti, kila moja na jiko lake, choo chake, maji yake. "Vijana wa mji huu wanaoa, wanakosa pa kukaa," akasema. "Ninyi wenyewe mnapanga foleni ya bafu kama mko kambini. Niambieni kama nasema uongo." Hatukumwambia, maana alikuwa anasema kweli. Nilitazama chini. Ndoo yangu ilikuwa mkononi.

Mama alikubali maghala ya nyuma yavunjwe. Hilo halikumpa shida. Hata popo, alisema, wamekaa bure vya kutosha. Shida ilikuja mafundi walipokwisha kuvunja na kuanza kuchimba msingi. Mwanawe akarudi na habari nyingine: malori na magari ya wapangaji hayatakuwa na pa kupita. Nyumba ya mbele nayo ilibidi ishuke, roshani na baraza na vyote. Tingatinga lingekuja Jumatatu.

"Unasemaje, mama?" akamuuliza mbele yetu.

Mama Mwenye Nyumba, aliyekuwa na jibu kwa kila kiumbe, akasema, "Nitafikiri."

Alikuwa mwanawe wa pekee. Ndiye aliyemlipia matibabu ya magoti, ndiye aliyempigia simu kila Jumapili baada ya ibada. Kumwambia hapana mbele za watu hakuweza. Na ndiyo haikumtoka. Siku zile alipanda na kushuka ngazi na mwiko wake, akigonga kuta ambazo zilikuwa hazina ugonjwa wowote, na hakupaka X hata moja. Mimi nilikaa kitandani nikikitazama kitanda.

Jumatatu ikaja na manyunyu. Tingatinga likasimama barabarani, mwanawe akaingia uani na viatu vya mpira kuongea na mafundi. Wakakuta Mama Mngoni amelala ndani ya shimo la msingi. Amelala chali, mikono kifuani, amejifunika kitenge mpaka kidevuni.

"Mama mkubwa, umeanguka?" mwanawe akauliza.

"Nimekuja msibani," akajibu Mama Mngoni, macho juu. "Kwenu Uheheni akifa mtu, nani analala kaburini kwanza?"

Mwanawe akafumba macho. Alikuwa mtoto wa Iringa, alijua. Msibani mtani anaruhusiwa kuingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe anachotaka, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Anayemkasirikia mtani atasemwa mpaka wajukuu wake.

"Hapa hajafa mtu, mama."

"Nyumba inakufa. Mimi nimekaa na marehemu barazani kwake miaka. Sijapewa hata khanga yake."

Mafundi wakaweka majembe chini. Dereva wa tingatinga akashuka kuja kuona. Mwanawe akaanza kutoa: jogoo. "Jogoo wa nini, mie nauza vitumbua." Mfuko wa sukari. "Nitanywa chai shimoni?" Kitenge cha wax. Hapo Mama Mngoni alisita kidogo, nilimwona, akajikaza. "Nataka uso."

"Uso upi?"

"Uso wa marehemu. Ile roshani, baraza, nguzo na vyumba vyake. Nipe uso, mwili zika."

Wakati huo Mama Mwenye Nyumba akatokea mlangoni amebeba birika la chai na mto. Mto! Akamshushia mwenzake shimoni, akamwinua kichwa akauweka vizuri. Nilipotazama sawasawa nikaona chini ya Mama Mngoni kulikuwa na mkeka, na mkeka ule ulikuwa wa chumbani juu, wa pembeni mwa kitanda cha mwenye nyumba.

"Mama!" mwanawe akasema.

"Mimi sijasema neno," akajibu mamaye. "Namhudumia mgeni wa msiba."

Mzee wa Vitambaa alikuwa anachungulia juu ya ukuta unaotenganisha nyumba zetu, kofia yake tu na macho. Mwanawe akamgeukia kama mtu anayezama. "Mzee, nisaidie. Magari yatapita wapi?"

"Hapa," akasema Mzee wa Vitambaa, akiupiga ukuta ule kofi. "Huku kwangu kuna uchochoro mpana, lori linapita, naweka maboksi tu. Vunja huu ukuta, pitia kwangu. Babu yangu aliujenga siku aliyokasirikiana na mkwe wake. Wote wamekufa, ukuta wa nini?"

"Kwa nini hukusema siku zote hizi?"

"Umeniuliza? Umekuja na mchoro, umeongea na pipa."

Mwanawe akaangalia shimo, akaangalia mamaye, akaangalia manyunyu yanavyomwanguka Mama Mngoni usoni. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mamaye kabisa. Akasema kwa sauti, watu wote wasikie, "Haya, mtani. Uso nimekupa." Tingatinga lilivunja ukuta ule wa ugomvi, likaondoka. Tukamtoa Mama Mngoni shimoni kwa shangwe, amekakamaa mgongo, anataka na kile kitenge pia. Alipewa.

Tangu hapo Mama Mngoni anawaambia wateja kwamba nyumba ya mbele ni yake, na hakuna anayembishia.

Ukarabati ulichukua muda mrefu kuliko fleti zenyewe. Mbao za roshani zilitoka Mafinga, zimepakiwa bado zinanuka misonobari. Kuta zikapakwa chokaa. X nyekundu zilijaa kila mahali, na wapita njia walikuwa wanasimama kutupa pole. Mimi nilihama kutoka kona moja hadi nyingine ya chumba changu kadiri fundi alivyokuwa akinifuata, mashine mapajani, na sikutoka.

Mwezi wa sita uliofuata nilikwenda kumsalimia Mama Mwenye Nyumba. Hukosei ukidhani nilipanda ngazi ya mbao kwenda chumba chake cha misumari. Nilipanda, nikakuta kinapakwa rangi kwa ajili ya mpangaji mpya. Mama Mwenye Nyumba alikuwa amehamia fleti, nyuma, ghorofa ya juu.

Nilikuwa nimevaa uso wa kulaumu. Hakunipa nafasi ya kuutumia. Alinishika mkono akaniingiza bafuni, akafungua bomba, mvuke ukajaa mpaka hatukuonana.

"Weka mkono," akasema ndani ya mvuke. "Weka! Umesikia homa?"

"Mama, wewe si ndiye uliyelilia nyumba ya mbele?"

"Nililia isife. Nilisema nitaoga ndoo mpaka nami nife?"

Akanipa chai, akanikalisha dirishani. Kutoka pale nyumba ya zamani yote ilikuwa chini yetu: paa, mabati mapya na ya zamani yamechanganyika, roshani nyeupe inayotokeza ukingoni, na moshi wa vitumbua unaopanda kutoka barazani kwa mwenye nyumba mpya, Mngoni. Mama Mwenye Nyumba akavuta kiti karibu na changu.

"Unajua," akasema, "nimekaa ndani yake ujana wangu wote, sijawahi kuliona paa lake. Ukiwa ndani huoni. Sasa kila asubuhi nikitoka kuoga nakaa hapa naitazama yote." Akanyoosha kidole. "Na bati la juu ya chumba chako limeinuka. Masika ijayo utalowa. Nitakuja kupaka X."

Nilishuka nimefurahi kuliko nilivyopanda, nikapitia uchochoroni. Mzee wa Vitambaa alikuwa mlangoni pake na kiti chake. Nikamwambia kwamba hata hivyo naona ajabu kidogo: sisi tulioipigania nyumba ya zamani tumebaki na bati lililoinuka na foleni ya bafu, na mwenyewe kaenda kwenye maji ya moto. Nikaongeza na lile neno langu, urithi.

Mzee wa Vitambaa alinitazama toka viatuni mpaka kichwani, kisha akasema:

"Bwana Sweta, we hukupigania nyumba yoyote. Uliogopa kubeba kile kitanda mara ya pili."